IST inagoma kuwaka asubuhi ila taa zote zinawaka, ninunue betri au stata?

MamaNeema_Kihonda
Habarini wakuu, naombeni mawazo yenu kabla sijatoa hela maana kila ninayemuuliza ananiambia lake. Gari ni IST ya 2004 ile ya cc 1300, gia otomatiki, funguo ya kugeuza ya kawaida sio ya kubonyeza. Asubuhi naingia nageuza funguo taa za dashi zinawaka zote, redio inaimba, taa kubwa kali kabisa, honi inalia, vioo vinapanda na kushuka, lakini nikisukuma funguo mpaka mwisho nasikia TA! moja huko mbele halafu kimya. Injini haizunguki kabisa. Narudisha nageuza tena, TA! kimya. Nikirudia rudia kuna wakati inakamata inawaka kama hakuna kilichotokea, na ikishawaka inatembea vizuri haina misi wala nini.

Mwanzoni ilikuwa inafanya mara moja moja sa hivi imezidi, juzi imenigomea sheli pale Msamvu nimeshaweka mafuta watu wako nyuma yangu wanapiga honi, vijana wakanisogezea pembeni ndio baadae ikakubali. Nasafirisha bidhaa zangu na hiyo gari, nina watoto naenda kuwachukua shule jioni, siwezi kuendelea hivi.

Fundi wa kwanza kasema betri imekufa ninunue mpya. Wa pili kasema stata nzima imekwisha nitafute mtumba. Baba Neema yeye anasema betri haiwezi kuwa mbovu mbona taa zinawaka. Nani mkweli hapa?

Chacha wa Mwanza
Dada hiyo betri, weka mpya ya saizi ya NS60 uone kama itasumbua tena. Taa kuwaka sio kigezo.

kijiwe_cha_magari
Stata hiyo. Mwambie fundi agonge gonge na mpini wa nyundo ikiwaka ujue ni stata, mambo kwisha.

Rewaya_Dodoma
Dada pole na usumbufu. Usinunue chochote kwanza. Nafanya umeme wa magari hapa Dodoma na gari za hivi napokea sana, na kinachoniuma ni kwamba wengi wanafika kwangu wakiwa wameshanunua betri mpya na gari bado inagoma, hela imeenda. Hili tatizo linapimika, hakuna haja ya kubahatisha.

Tuanze na kitu kimoja watu wanachokichanganya. Gari isiyowaka ziko za aina mbili. Kuna ile ambayo stata inazungusha injini vizuri tu lakini haishiki moto, hiyo unaenda kutafuta kwenye mafuta, pampu, plagi, koili, sensa ya krenki au funguo yenye chipu (Toyota nyingi za funguo ya kugeuza imobilaiza, yaani kinga ya wizi, haizuii stata, injini inazungushwa kama kawaida ila inanyimwa moto na mafuta). Na kuna isiyozunguka kabisa, ndio yako wewe. Kwahiyo mtu akikutajia plagi au pampu ya mafuta mwambie hatujafika huko.

Sasa hili la taa. Taa kubwa za halojeni kila moja ni wati 55 au 60, mbili kwa pamoja zinakula kama ampea 10 hivi. Za dashi na redio ndio kabisa, ampea chache. Stata ya injini ndogo kama yako inataka ampea 100 na zaidi wakati inazungusha, na ile nukta ya kwanza inapoisukuma injini iliyosimama inavuta zaidi ya hapo. Ni kama bomba la maji lililojaa kutu kwa ndani, kikombe ukikinga kinajaa vizuri tu ila simtanki utakesha. Kwahiyo taa kuwaka inakwambia betri haijaisha kabisa, basi, haikwambii kama ina nguvu ya kuzungusha injini. Hapo shemeji atanisamehe. Lakini na huyo fundi wa betri nae hajapima kitu, amekisia.

Kipimo cha kwanza hakitaki kifaa chochote. Usiku ielekeze gari ukutani, washa taa kubwa, baba Neema asimame aangalie mwanga ukutani, wewe geuza funguo mpaka mwisho ushikilie nukta mbili tatu, kisha mniambie mwanga ulifanya nini wakati ule ule unageuza. Maana wewe umetuambia taa ni kali kabla ya kugeuza, tunachotaka ni wakati wa kugeuza.

Mwanga ukizimika kabisa au ukawa mwekundu dhaifu, na mara nyingi unasikia tatatatata ya haraka, basi ni betri imeisha au terminali zimelegea au zina kutu. Ile tatatata inatokea hivi: solenoidi ya stata (swichi yake ya sumaku) inavuta, kopa (vipande vya shaba vya kupitisha umeme ndani yake) zinagusana, mota inadai umeme mwingi, volti zinaporomoka, solenoidi inakosa nguvu ya kujishikilia inaachia, volti zinarudi juu, inavuta tena, inazunguka hivyo hivyo mpaka uachie funguo.

Mwanga ukififia sana na injini inajivuta kwa tabu, betri imechoka au stata bushi zake zimeisha amecha (ile sehemu inayozunguka ndani ya mota) inasugua pembeni na kuvuta umeme kupita kiasi. Mara chache injini yenyewe ndio nzito, na hapa waliopita kwenye maji ya mafuriko wawe makini sana, maji yakiingia kwenye silinda ukalazimisha stata unapinda konrodi, hapo gharama ni nyingine kabisa.

Mwanga ukibaki vile vile halafu kuna TA moja nzito, solenoidi imevuta lakini mota haijapata umeme, au imepata ila kaboni (zinazopeleka umeme kwenye amecha) zimeisha. Na mwanga ukibaki vile vile na hakuna sauti yoyote hata ndogo, ujue solenoidi haijapewa amri, hapo unatafuta swichi ya funguo, rilei ya stata (swichi ndogo ya umeme), fyuzi, alamu, au ile swichi ya gia inayozuia gari kuwaka ikiwa kwenye D. Hii ya gia unaijaribu bure, kanyaga breki weka N halafu washa.

Kipimo cha pili tafuta mtu mwenye multimita, weka kwenye volti za DC. Gari iwe imelala usiku kucha, pima moja kwa moja kwenye vichwa vya betri vyenyewe (sio kwenye terminali za waya, kwenye ile risasi ya betri). 12.6 imejaa, 12.4 inafaa, 12.2 ni kama nusu, 12.0 kushuka chini imekaribia kuisha ichajiwe kwanza kabla ya kuihukumu. Ukikuta 10.5 hivi na imechajiwa, chumba kimoja kati ya sita kimekufa, hiyo betri haiponi. Kisha mtu ageuze funguo mita ikiwa pale pale uangalie inashuka mpaka ngapi. Stata ikiwa inazungusha isishuke chini ya 9.6. Ikiwaka pima tena injini ikiwa inaunguruma, iwe kati ya 13.8 na 14.5, hapo unajua altaneta, ile inayochaji betri gari ikiwa inawaka, inafanya kazi.

Ukiwa na hizo namba rudi hapa.

Bandari_Unguja
Naunga mkono hapo juu, na mimi niongeze la terminali maana kwetu huku Unguja ndio ugonjwa mkubwa. Upepo wa chumvi unakula kila kitu, betri unaiona safi kwa juu lakini ukifungua terminali ndani kuna unga wa kijani na mweupe, na saa nyengine hata unga haupo, ni utando mweusi tu umekaa kati ya risasi na terminali na huo utando ndio unaozuia umeme mwingi usipite. Taa zinapita, stata haipiti.

Dada chukua spana namba 10, fungua hasi kwanza kisha chanya. Usianze na chanya, spana ikigusa bodi huku uko kwenye chanya na hasi bado imefungwa ni shoti kubwa, cheche kwenye betri si kitu cha kuchezea kwani betri inatoa gesi inayolipuka. Mwagia maji ya moto yenye magadi kidogo kwenye ile kutu itachemka iyeyuke, hakikisha vizibo vya betri vimefungwa maji hayo yasiingie ndani. Suuza, kausha, sugua na msasa risasi na ndani ya terminali mpaka zing'ae, rudisha chanya kwanza kisha hasi, kaza mpaka ukiishika terminali kwa mkono haizunguki hata chembe, kisha ndio upake grisi kwa juu. Watu wengine wanapaka grisi kabla hawajafunga, si vizuri.

Na usiishie kwenye betri. Fuata ule waya mnene wa hasi uone unafungwa wapi kwenye bodi na wapi kwenye giaboksi, pale kwenye bodi kutu inajificha chini ya boliti mtu hahangaiki napo. Gari ikishushwa giaboksi au injini mafundi wengine husahau kurudisha ule waya wa ethi (wa hasi) wa injini au wanauacha umelegea.

dereva_wa_masafa
Mimi huwa sina muda wa mita. Nalala chini ya gari napiga shoti na bisibisi pale kwenye stata inawaka naenda zangu. Au vijana wakusukume iwake.

Rewaya_Dodoma
dereva_wa_masafa ndugu yangu naomba sana usimpe mtu ushauri huo bila maelezo, kuna watu wamekanyagwa na gari zao wenyewe. Ukipiga shoti pale kwenye stata umeiruka swichi ya gia yote, gari ikiwa kwenye D, au manyuo (gari ya gia za mkono) iko kwenye gia, inawaka na kuondoka ukiwa umelala chini yake. Fundi anayejua anafanya kwa sababu, gia iko P au N, hendibreki imevutwa, tairi zina vizuizi, na mwenzake yuko ndani. Mama wa nyumbani kwake usimwambie alale chini ya gari na bisibisi.

Na la kusukuma, gari yake ni otomatiki. Gia otomatiki ya kawaida ukiisukuma magurudumu hayazungushi injini, mtachoka bure tu, na CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) ni hivyo hivyo. Kusukuma ni kwa manyuo, gia namba mbili, unakanyaga klachi ikishika mwendo unaachia.

Na kama mtaamua kubusti kwa betri ya gari nyingine hakikisheni ni ya 12V. Lori kubwa ni 24V na hata Canter zipo za 24V, ukiunga hapo unaunguza kompyuta ya gari. Chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya betri ya ile gari inayosaidia, na ile ncha ya mwisho usiifunge kwenye hasi ya betri mbovu, ifunge kwenye chuma kitupu cha injini mbali na betri ili cheche isitokee juu ya betri.

Wanjiku_Thika
Hapa Kenya kuna kitu kingine watu husahau. Gari ikiwa ilikuwa ya teksi ya app ama ilinunuliwa kwa mkopo, mara nyingi imefungwa traka ya kufuatilia gari, na hiyo traka iko na rilei ya kukata umeme, wengine huunga kwa waya ya pampu ya mafuta na wengine kwa ile waya ndogo ya kuenda stata. Rilei zingine ni za bei rahisi zinaungua mdomo, basi siku moja gari inakataa na makanika anafungua stata yote bure. Alamu za kufunga baadaye pia ni hivyo. Lakini hizo zikikata stata hutasikia hiyo TA kwa injini, itakuwa kimya kabisa, so kwa huyu dada naona kama sio hiyo. Naandika tu kwa mwingine atakayesoma.

MamaNeema_Kihonda
Asanteni sana jamani Mungu awabariki, sikutegemea kupata maelezo yote haya. Nimerudi na majibu.

Jana usiku tulipima ukutani, baba Neema ndio aliangalia. Anasema mwanga haukushtuka kabisa, au kama ulishuka ni kidogo mno, na TA ikasikika. Tulirudia tena na tena ni vile vile. N pia tumejaribu haina tofauti.

Terminali tulifungua kama alivyosema ndugu wa Unguja, hasi kwanza. Ya chanya ilikuwa na unga kidogo tumesafisha zinang'aa na zimekazwa. Bado inagoma.

Jirani yetu kijana anatengeneza simu ana mita, asubuhi kabla ya kugusa chochote betri ilikuwa 12.5. Nikigeuza ikatoa TA bila kuzunguka inashuka 12.3 tu. Baadae ikakubali kuwaka, wakati inazungusha kijana anasema aliona 10.8 halafu ikapanda, na injini ikiwa inaunguruma ni 14.2. Sasa mimi hizo namba sijui zinasemaje ila yeye kaandika kwenye karatasi kama zilivyo.

Rewaya_Dodoma
Huyo kijana mpe soda, kazi yake ni safi kuliko ya hao mafundi wawili waliokuja.

Soma namba zako hivi. 12.5 imelala, betri ina chaji. 10.8 wakati inazungusha, yaani siku inayokubali betri yako inabeba mzigo mzima wa stata na inabaki juu ya 9.6 kwa mbali. 14.2 altaneta inachaji. Kwahiyo betri na altaneta tunaziweka pembeni, usinunue betri.

Namba inayonifurahisha ni ile 12.3. Inamaanisha stata ilipotoa TA haikuchukua umeme mwingi, imechukua ule mdogo wa solenoidi peke yake. Mota ingekuwa imekwama mfano amecha imeshika, volti zingeporomoka na mwanga ungefifia. Hilo halikutokea. Kwahiyo njia ya umeme mkubwa imekatika mahali, na mahali penyewe pamebaki pachache: ethi ya injini, waya mnene wa chanya unaokuja stata, kopa za ndani ya solenoidi, au kaboni za mota.

Hapa mwite fundi umeme anayekubali kupima, mpe hii aifuate. Aanze na ethi, mita upande mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini au giaboksi, mtu ageuze funguo. Ikisoma karibu na 0 ethi ni nzima, na siku inayozunguka isizidi 0.5. Ikisoma volti kadhaa basi ethi ndio mbovu, waya mmoja mpya mmemaliza. Na hii ethi inadanganya sana, taa zinaweza kuwa kali kama kawaida kwa sababu zenyewe zimeunganishwa kwenye bodi, injini ndio iliyokosa.

Kama ethi ni nzima ahamie kwenye stata yenyewe, pale injini inapokutana na giaboksi. Ile nati kubwa inayoleta waya mnene wa betri lazima isome kama betri muda wote. Halafu kuna nati ya pili kubwa kwenye solenoidi hiyo hiyo, ambayo kutoka hapo kuna kiwaya kifupi kinene kinaingia kwenye mota. Mita iwekwe hapo na ethi, mtu ageuze funguo isikike TA. Ikisoma karibu na 0, umeme umefika mlangoni haukuvuka, kopa za ndani zimeliwa. Ikisoma 11 au 12 na mota haizunguki, umeme umevuka, kaboni zimeisha au hazigusi. Kwa hii ya kaboni ndio ile ya kugonga na mpini wa nyundo inasaidia kwa muda, zinashtuka zinagusa, lakini kugonga sio kipimo maana hata kopa mbovu ikigongwa inaweza kukubali, ndio maana sikukuambia ugonge.

Mimi kwa maelezo yako nasema kopa. Ndani ya solenoidi kuna plunja ina sahani ya shaba mbele, ikivutwa ile sahani inagonga kopa mbili na kuziunganisha. Kila unapowasha gari inatoka cheche pale, miaka inavyokwenda kopa zinaliwa, na mara nyingi ile ya upande wa waya wa betri ndio inaisha zaidi. Sahani inajizungusha kidogo kidogo, leo imetua palipolika haigusi, ukirudia imetua pazuri inagusa gari inawaka. Ndio hiyo tabia ya kukubali ukirudia rudia.

Na la mtumba, dada, stata ya mtumba imetoka kwenye gari ya umri ule ule wa kwako. Kopa zake zinaweza kuwa zimeliwa kama zako au zaidi. Kama mota yako inazungusha kwa nguvu siku inayokubali, hakuna sababu ya kuitupa.

Chacha wa Mwanza
Fundi umetisha, sikuwahi kujua ile 12.3 ina maana. Hizo kopa zinauzwa peke yake?

Rewaya_Dodoma
Zinauzwa. Dar ukienda Gerezani au Ilala kwenye maduka ya vifaa vya stata na altaneta unapata kopa, plunja, kaboni na bushi vyote kimoja kimoja, na hata mikoani wanaotengeneza stata huwa nazo. Nenda na ya zamani mkononi mlinganishe umbo na urefu, zinafanana kwa mbali lakini ukiweka fupi sahani haifiki. Badilisha zote mbili, usibadilishe iliyolika peke yake, maana sahani itatua kwa kuinama upande mmoja uguse mwingine usiguse. Na sahani ya plunja iangaliwe, ikiwa na shimo ibadilishwe na yenyewe.

Kabla ya kugusa ile nati ya stata hasi ya betri iwe imefunguliwa. Waya ule hauna fyuzi kabisa kwenye gari nyingi, unatoka betri moja kwa moja, spana ikigusa injini inachomelea hapo hapo.

MamaNeema_Kihonda
Wakuu nimekuja na ripoti. Nimepata fundi hapa hapa Morogoro mtu mzima ametulia, nimemuonyesha maelezo kwenye simu akasoma yote akacheka akasema huyu aliyeandika anajua kazi. Ethi ilikuwa nzima. Ile nati ya pili ilisoma sifuri na TA inasikika. Akashusha stata akafungua mbele yangu nikaona mwenyewe, kopa moja imeliwa mpaka imekuwa na ngazi, nyingine ina nafuu. Kaboni kasema bado ndefu akazisafisha tu na kuondoa vumbi jeusi, akapaka grisi kidogo kwenye bendiksi (gia ndogo ya stata), akaweka kopa mpya mbili na plunja.

Gharama yote pamoja na ufundi imekuwa ndogo sana kulinganisha na betri mpya niliyokuwa nimeambiwa, na stata ya mtumba ndio usiseme. Sa hivi nikigusa tu funguo imewaka, asubuhi, mchana ikiwa ya moto, nikizima nikawasha. Nawashukuru sana, na baba Neema anasema salamu kwa fundi wa Dodoma.

Huyo wa hapa alitaka kujua jambo moja, yeye huwa anapima altaneta kwa kuvua waya wa betri gari ikiwa inaunguruma, ikizima anasema altaneta mbovu. Nikamwambia ngoja niulize.

Rewaya_Dodoma
Salamu zimefika. Nimefurahi kwa kweli.

Mwambie fundi kwa heshima zote aache hiyo njia. Ilizoeleka kwenye gari za zamani zisizo na kompyuta. Altaneta ikiwa inachaji ukivua betri ghafla volti zinaruka juu sana kwa kipande cha nukta, na kinachopokea huo mruko ni kompyuta ya injini, redio, na daiodi za altaneta yenyewe. Gari inaweza kubaki inaunguruma akasema altaneta nzima kumbe ameshaharibu kitu. Mita kwenye betri, 13.8 mpaka 14.5, kisha awashe taa kubwa na feni ya AC aone kama inabaki juu ya 13. Inatosha.

Probox_ya_Ifakara
Fundi samahani nidandie hapa hapa. Ya kwangu Probox haitoi TA moja, inatoa ile tatatatata na taa zinakufa. Nimeweka betri mpya lakini gari ikilala siku mbili tatu bila kutumika hali ni ile ile, nikibusti inawaka na inachaji 14.3. Nifungue stata?

Rewaya_Dodoma
Hapana usifungue stata, wewe umeme wako unaibiwa gari ikiwa imezimwa. Zima kila kitu, toa funguo, funga milango, subiri kama nusu saa kompyuta zilale. Kisha mita iweke kwenye ampea, waya mwekundu uhamie kwenye tundu la 10A, fungua hasi ya betri na upitishe mita katikati ya kichwa cha hasi na waya wake. Mita ikiwa hapo usiwashe gari wala usigeuze funguo, utaiunguza. Kawaida isizidi 0.05. Ukikuta mfano 0.5, hiyo kwa siku inakula ampea 12 za saa, betri ndogo ya 35 au 40 siku tatu imekwisha hata ingekuwa mpya ya dukani.

Halafu chomoa fyuzi moja moja huku mwenzako anaangalia mita, itakaposhuka ghafla umeshika laini ya mwizi. Anza na redio ya kufunga baadaye, alamu, traka, na taa ya buti. Kama fyuzi zote zimetoka na mita haijashuka, chomoa waya mnene wa nyuma ya altaneta (ukiwa umefungua hasi kwanza, uufunge usiguse chuma), daiodi yake ikivuja inakula betri usiku kucha na mchana inachaji vizuri tu kama hiyo 14.3 yako. Pima uniletee namba.